Redio ya Jamii: Mnara Kijijini Hautoshi

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, hukosi kupita Segera. Pale ndipo njia inapogawanyika: kulia ni Muheza na Tanga, kushoto ni Korogwe, Mombo na kuendelea hadi Moshi. Basi likisimama, vijana hukimbilia madirishani na machungwa yao, na kwenye vibanda redio zinalia. Sikiliza redio hizo zinasema nini. Zinaeleza foleni ya magari ya Ubungo. Zinachambua kikosi cha Simba na cha Yanga. Muuza machungwa wa Segera anaweza kukwambia barabara ipi ya Dar es Salaam imejaa maji asubuhi hiyo. Lakini muulize madiwani wa halmashauri yake walipitisha nini katika kikao chao cha mwisho, au bei ya mahindi iliyopo leo katika soko la wilaya ya jirani. Mara nyingi hana jibu, wala hilo si kosa lake. Hakuna aliyemwambia.

Wiki hii tuzungumzie dawa ambayo kwa miaka mingi imetajwa kwa ugonjwa huo, yaani redio ya jamii. Neno hili limezoeleka mno hata limeanza kupoteza maana. Kila kituo kidogo kilichojengwa nje ya mji mkuu huitwa redio ya jamii, kana kwamba udogo wa mtambo ndio unaoleta ujamii. Tutachukua wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe, tujiulize redio ya namna hiyo ingekuwa na kazi gani huko, na tutaitambuaje tukiisikia.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Redio ya serikali hulipwa na kodi na huwajibika kwa serikali. Redio ya biashara hulipwa na watangazaji wa bidhaa na huwajibika kwa mwenye mtaji. Redio ya jamii ni ile ambayo wakazi wa eneo fulani wanaimiliki, wanaiendesha kwa bodi waliyoichagua, na faida yake, kama ipo, inarudi kwenye kazi ya redio. Kwa hiyo tofauti iko katika swali moja: ikikosea, au ikinyamaza, nani ana haki ya kuiita na kuihoji? Kama mkulima wa Mkata au mama lishe wa Manundu hana haki hiyo, basi hicho ni kituo kidogo tu cha mtu mwingine.

Nchi yetu haikuanza na redio za namna hii. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, wakati wa ukoloni, na hatimaye ikazaa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tulikua nayo. Kwa miaka mingi redio hiyo ilikuwa peke yake hewani Tanzania Bara. Tusiibeze. Mwaka 1973 ilibeba kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusomea. Watu walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kuchemsha maji. Ilikuwa moja ya kampeni kubwa za elimu kwa njia ya redio barani Afrika.

Hata hivyo, tazama mwendo wa sauti katika kampeni ile. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikaenda kijijini. Kijiji kilijadili namna ya kutekeleza, lakini hakikuchagua mada. Kama shida ya kijiji fulani cha Handeni mwaka ule ilikuwa kisima kilichokauka, kipindi cha kuchemsha maji kiliwakuta hawana maji ya kuchemsha.

Mlango ulifunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani, na baada yake vituo vingi vya watu binafsi. Vingi vilikaa mijini, kwa sababu ndiko waliko wanunuzi wa bidhaa zinazotangazwa. Mwaka 2002 ilianza redio ya Orkonerei huko Terrat, Simanjiro, ikizungumza na wafugaji mambo ya mifugo, malisho na haki zao. Baadaye vikaja vituo vingine vilivyosaidiwa na UNESCO katika maeneo ya pembezoni, kimojawapo kikiwa Pangani FM, hapo hapo mkoani Tanga. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Vituo vipo. Tunachouliza ni kama vinasema yanayopaswa kusemwa.

Basi, huko Handeni na Korogwe kuna nini cha kusema? Yapo mengi, lakini tuchukue manne.

La kwanza ni historia. Karibu miaka ya 1830 nchi ya Uzigua ilipigwa na ukame na njaa kali. Katika dhiki hiyo watu wengi walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wengine kwa kudanganywa kwamba wanakwenda kwenye kazi na chakula, na huko wakageuzwa watumwa. Baadhi yao walitoroka wakaingia katika misitu ya Mto Juba. Masimulizi yao wenyewe yanasema kwamba aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanankhucha. Walikaa huko zaidi ya miaka 150, na lugha yao ya Kizigua haikufa. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Wazee wa Handeni walipowasikia wakizungumza waliwaelewa. Baadaye serikali yetu iliwapa wengi wao uraia.

Ndugu msomaji, ni nchi ngapi duniani zenye kisa kama hicho? Wajukuu waliopotea wanarudi baada ya vizazi vingi, na kitambulisho chao ni lugha waliyoachiwa na bibi zao. Lakini ni mtoto yupi wa shule ya msingi Korogwe anayekijua? Wapo watafiti wa Ulaya na Marekani waliokiandika, na vitabu vyao viko kwenye maktaba za mbali. Redio ya mahali, yenye rekoda moja na mtangazaji mwenye subira, ingekwenda Chogo na Kwamsisi, ikawakutanisha wazee wa pande zote mbili, na kuhifadhi sauti zao. Na kazi hiyo haisubiri, maana mzee akifa huondoka na maktaba yake.

La pili ni kazi. Korogwe imejengwa na mkonge na reli. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kazi ya kukata mkonge ilihitaji mikono mingi, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuikimbilia. Ndipo wakaletwa manamba, watu walioandikishwa kwa namba kutoka Kigoma, Nyanda za Juu Kusini, Burundi, Msumbiji na kwingineko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Kamba za nailoni ziliua bei, na usimamizi baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 haukuiokoa hali. Mashamba mengine yakageuka pori, huku vijiji vya jirani vikibanana.

Wajukuu wa manamba wapo mpaka leo. Wamezaliwa hapo, wamezika wazazi wao hapo, lakini inapokuja habari ya ardhi wako baadhi wanaoulizwa kwao ni wapi. Hili ni jambo la historia na la haki kwa wakati mmoja. Redio inayotetea haki italieleza kwa pande zote: jinsi babu alivyofika, hati ya shamba inasema nini, kijiji jirani kinadai nini, na sheria inaelekeza nini.

La tatu ni ardhi yenyewe, na hapa ndipo penye moto. Kijiji cha Msomera kiko wilayani Handeni. Mwezi Juni 2022 familia za kwanza za wafugaji zilianza kuwasili huko kutoka Ngorongoro. Serikali ilisema wanahama kwa hiari, ili kuilinda hifadhi, na ikawajengea nyumba za vyumba vitatu pamoja na kuwapa maeneo ya kulima. Watetezi wa haki za binadamu wamesema mengine. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, lilieleza kwamba wahusika hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba wapo wakazi wa awali wa Msomera waliolalamika kuwa ardhi waliyokuwa wakiitumia imegawiwa wageni.

Katika mvutano huo sauti zilizosikika kwa nguvu ni za wakubwa: waziri, msemaji, shirika la kimataifa, wakili. Mama aliyehamia Msomera na mama aliyemkuta pale tumewasikia kwa nusu dakika, katikati ya maneno ya mwandishi. Nao ndio watakaochota maji katika bomba moja na kusomesha watoto katika darasa moja. Wakigombana, watagombana wao. Wakipatana, watapatana wao. Redio iliyo karibu ingewaweka kwenye meza moja, kila mmoja akaeleza bila kukatizwa, kisha ikamwita ofisa ardhi wa wilaya ajibu maswali hayo hayo, siku hiyo hiyo, mbele ya wote.

La nne ni maji. Bomba kuu la Handeni, linalojulikana kwa herufi HTM, linachukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Ndiyo kusema mwananchi wa wilaya moja anakunywa kutoka wilaya nyingine. Mabomba yakipasuka au pampu zikizimwa, Handeni inarudi kwenye malambo na ndoo za kununua. Gazeti la Dar es Salaam litaandika siku waziri atakapozuru. Redio ya jamii ingeuliza kila Jumatatu: wiki hii maji yametoka siku ngapi, mtaa gani, na kwa nini mtaa ule haukupata? Swali linaloulizwa kila wiki lina nguvu kuliko kelele ya mara moja kwa mwaka.

Utaona kwamba mambo yote manne yana siasa ndani yake. Wapo wanaosema redio ya jamii ijihadhari na siasa, ijishughulishe na maendeleo. Kauli hiyo inapendeza masikioni lakini haina mashiko. Maji ni bajeti, na bajeti ni siasa. Ardhi ni sheria, na sheria hutungwa na wanasiasa. Redio ya jamii haipaswi kuwa ya chama, lakini ikikwepa kuuliza nani aliamua na kwa fedha za nani, itabaki kufundisha watu kunawa mikono mahali pasipo na bomba.

Wala haihitaji kubuni haki mpya. Zilizopo hazijulikani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kudai taarifa zilizoko serikalini. Fikiria mjane wa Kabuku anayeambiwa na shemeji zake kwamba shamba ni la ukoo na aondoke. Akisikia redioni, kwa maneno mepesi, sheria inampa nini, na baraza la ardhi la kata hufanya kazi gani, atakwenda kwenye kikao akiwa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye vikwazo, maana tusipovitaja tutakuwa tumehubiri tu.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Kanuni za maudhui ya utangazaji zinataka vipindi viwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine zihitaji idhini maalumu. Sababu yake inaeleweka, kwani Kiswahili kimetuunganisha na hatutaki redio za ukabila. Lakini bibi wa kijijini Handeni anayesimulia njaa ya zamani anaisimulia kwa Kizigua, na mzee wa Msomera anaeleza malisho kwa Kimaasai. Ukimlazimisha kwa Kiswahili, anafupisha. Jambo la busara ni kumwacha aseme kwa lugha yake na kumtafsiria papo hapo, na kwa hilo idhini iombwe na itolewe bila urasimu.

Kikwazo cha pili ni fedha. Umeme, jenereta, vipuri vya mtambo, ada za leseni na nauli ya mtangazaji vyote vina gharama, na wilayani hakuna viwanda vya kutangaza sabuni kila dakika kumi. Basi redio hutegemea wawili: mfadhili na halmashauri. Mfadhili huja na mradi wa miaka miwili, na mradi ukiisha kipindi nacho hufa. Halmashauri hulipia matangazo yake, na ni vigumu kumhoji Ijumaa mtu aliyekulipa Alhamisi. Ongeza hapo mtangazaji anayejitolea bila mshahara, anayesubiri posho ya semina na bahasha ya mwenye shughuli. Mtu huyo hakukosa ujasiri tangu kuzaliwa. Ana watoto.

Wachimba madini wa Bolivia walilijua hili mapema. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 walianzisha redio zao kwenye migodi na kuziendesha kwa kukatwa sehemu ya mishahara yao wenyewe. Huko Berkeley, Marekani, kituo cha KPFA kilianza mwaka 1949 kwa michango ya wasikilizaji, bila matangazo ya biashara, ili kiweze kuzungumzia siasa na utamaduni bila kumwogopa mwenye kiwanda. Hatusemi mkulima wa Korogwe ana kipato cha Mmarekani. Lakini vyama vya ushirika, vikundi vya kuweka na kukopa, misikiti, makanisa na vyama vya wafanyakazi vipo. Shilingi mia tano kwa mwezi kutoka kwa watu elfu kadhaa, kwa simu ya mkononi, haijengi jumba la fahari, lakini inalipa umeme. Na anayechangia mia tano anapata haki ya kuuliza.

Kikwazo cha tatu ni hofu ya wenye mamlaka. Jirani zetu Kenya walikuwa na redio ya jamii huko Homa Bay tangu mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, iliyozungumza na wakazi wa kando ya ziwa kwa Kiluo. Serikali ya Kenya iliifunga mwaka 1984. Kituo kidogo, chenye vifaa vya bei nafuu, kilidumu miaka miwili hivi. Kwetu, kituo kinachofanya kazi chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kinajua kwamba kosa moja linaweza kuleta faini au kufungiwa. Mtangazaji asiye na mwanasheria hujikata ulimi mwenyewe kabla ya kukatwa.

Lakini tuwe waadilifu. Hofu hiyo si ya kipuuzi moja kwa moja. Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM ilizungumza kwa lugha ya watu, kwa utani na muziki walioupenda, ikataja majina na mitaa, na watu wakauawa. Wakuu wake walihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa hapa kwetu, Arusha, mwaka 2003. Kwa hiyo ukaribu wa redio na watu haitoshi kuifanya njema. Wilaya yenye wakulima na wafugaji inaweza kuwashwa moto na mtangazaji mmoja mwenye chuki. Kinga yake ni utaratibu: anayetajwa kwa ubaya apewe nafasi ya kujibu katika kipindi hicho hicho, habari ya mgogoro isitoke kabla ya kusikilizwa pande zote, na bodi iwe na mkulima, mfugaji, mwanamke, kijana na mgeni aliyehamia.

Kwa kumalizia, ndugu msomaji, wewe unayenunua gazeti hili Kariakoo au Ngamiani unaweza kusema hayo ni mambo ya shamba. Lakini machungwa unayokula yametoka huko, mahindi vilevile, na huenda baba yako amezikwa huko. Ugogoro wa ardhi usiosikilizwa Handeni utausoma siku moja ukiwa na idadi ya waliojeruhiwa.

Kwa hiyo siku utakapoambiwa kuna redio ya jamii mahali fulani, usiulize mnara wake una urefu gani wala unasikika kilometa ngapi. Uliza mambo matatu. Hesabu zake husomwa hewani? Mkulima aliyekosewa amewahi kupewa nafasi ya kujibu? Na wiki iliyopita, ni swali gani ambalo mkuu fulani alilazimika kulijibu kwa sababu mwanakijiji aliliuliza? Ukipata majibu, ichangie.

Tukutane wiki ijayo.